Nusu Saa Kabla ya Uji

Kasulo, Ngara
16 Machi 2025

Scolastica, mke wa mwanangu,

Usinipigie simu ukishasoma haya. Simu mtu hukata, au husema mtandao umekwenda, na simu yangu huchajiwa dukani kwa Leonidas ambako kila anayekuja kununua chumvi anasikia nilichoambiwa. Andika. Barua nitaisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa akili. Laurian anayenunua maharage huku kwetu na kuyaleta Biharamulo amekubali kutubebea.

Nimesikia mimba yako imeharibika. Sikusikia kwako, wala kwa Niyibizi niliyemzaa mwenyewe. Nimeambiwa bombani, ndoo yangu ikiwa kichwani, na jirani yangu Suzana: "Pole mama Niyibizi. Lakini na ule uji wako, uliutia nini?" Aliuliza kwa upole, na wanawake wote waliokuwa kwenye foleni wakawa wanatazama miguu yao.

Unajua mwenyewe nilichokuja kufanya huko Kaniha mwezi wa pili. Krismasi tuliliona tumbo lako sote, baada ya miaka mitano ya ndoa, na furaha ikaninyima usingizi. Nikasaga mtama wangu kwa mkono, nikamwomba Suzana anisaidie kubeba, nikaja kukulisha. Kila alfajiri nilipika, nikamimina kikombeni, nikaonja mbele yako ndipo nikakupa, kama tufanyavyo kwetu ili anayekunywa aone mkono ni safi. Kila alfajiri ukafunika kikombe na kisahani, ukasema "nitakunywa baadaye, mabukwe," kama mama mkwe anavyoitwa kwetu, ukaenda shule. Mara ya mwisho Suzana aliwakuta kuku wanaunywa, na sasa watu wanasema ulikwishauonja ndipo ukashtuka.

Mtu anayekataa kikombe kilichoonjwa amesema neno, hata kama hakufungua mdomo. Na wewe unajua neno hilo likitamkwa juu ya mtu kama mimi linakwenda wapi. Sisi wakimbizi tuliovuka mto kuja huku tunaambiwa sumu tumekuja nayo kwenye kucha. Mke mwenzangu Niyokwizera alipokufa tumbo limevimba, nilinyooshewa kidole mimi. Ilichukua miaka watu kunywa tena kwangu. Nilipika kwenye misiba yao na arusi zao, wakaanza kusahau. Jumatano iliyopita jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu. Walisali vizuri sana, wakaaga, na chai yote ikabaki kwenye vikombe.

Nakuomba kitu kimoja. Andika kwa huo mkono wako wa ualimu kwamba uji wangu haukukudhuru. Nitampa katekista Ansbert awasomee. Mwanangu naye mwambie anipigie, maana tangu habari hiyo imfikie amekuwa kama hana mama.

Mimi,
Nyirabahizi


Kaniha, Biharamulo
23 Machi 2025

Mabukwe, shikamoo.

Barua yako Laurian alinikabidhi mbele ya walimu wenzangu, nikaitia kwenye mkoba mpaka jioni. Naona hasira uliyoandikia, na pole kwa maneno ya watu.

Lakini mimi sijamtuhumu mtu. Sijatamka neno uji kwa yeyote, hapa wala huko. Watu wakiamua kuunga hiki na kile, nifanyeje? Uvumi ukiukimbiza unaongeza mbio. Nikikuandikia karatasi ya kukusafisha, nitakuwa nimekiri kwamba kuna kesi, na kesi hakuna.

Kuhusu vikombe: sikuukataa mkono wako. Natumia dawa ya hospitali, ya cheti cha daktari. Inamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu kabisa, halafu mtu anasubiri nusu saa ndipo atie kitu kinywani. Nusu saa ikitimia mimi niko njiani, kengele ya shule hainisubiri. Ni dawa ya mambo yangu ya ndani, na zaidi ya hapo naomba usinichimbe.

Na tuambiane ukweli, mabukwe. Ulikuja bila taarifa, ukaja na Suzana, mwanamke ambaye siku ya kwanza tu alifagia mpaka chini ya kitanda changu cha ndoa. Nani alimtuma? Ungekuja peke yako, vikombe vile wangeviona kuku tu.

Mimba ni mambo ya Mungu, tuyaache kwake. Niyibizi yuko Kahama kwenye trekta, huko mashambani mtandao ni wa shida. Nitamkumbusha.

Mwanao,
Scolastica


Kasulo
6 Aprili 2025

Scolastica,

Safari hii nimeisoma mara tatu, na zote zimekuwa za hasira.

Suzana alipofagia chini ya kitanda chako aliona chupa ya vidonge imeviringishwa kwenye kitenge. Aliniambia tukiwa njiani kurudi, nikamkemea, nikamwambia mke wa mwanangu si mtu wa namna hiyo. Sasa wewe mwenyewe unaniandikia: vidonge, kila asubuhi, mambo ya ndani, usinichimbe. Unadhani mimi nimezaliwa jana? Nimewaona wanawake wanaoficha vidonge mvunguni, na najua vinazuia nini.

Kwa hiyo mjukuu wangu hakuharibika, ameharibiwa. Umemeza dawa ukamtoa, labda kwa sababu hutaki damu yetu ichanganyike na ya kwenu, halafu ukanyamaza vizuri ili lawama ifuate njia yake ya zamani mpaka mlangoni kwangu. Na kweli imefika. Mwanamke niliyemkanda mgongo siku tatu akijifungua amemwita mtoto wake aliyekuwa anakuja kuniamkia. Amemwita arudi, kwa sauti, nisikie. Kwaya imeniomba nipumzike kupika siku ya Pasaka, eti nimezeeka.

Barua yako ya vidonge nimeitunza. Pasaka ikipita nitamwita baba yako, Mzee Theonest, nitamwita Niyibizi arudi kutoka Kahama, na tutaisoma mbele ya koo mbili. Wewe ni mwalimu, utatueleza maana ya kila neno.

Nyirabahizi


Kaniha
11 Aprili 2025

Mabukwe,

Shikamoo hii naitoa kwa umri wako. Barua yako haikustahili.

Sikutoa mimba. Hapakuwa na mimba. Rudia sentensi hiyo kwa akili, maana kwa hasira najua umeshaisoma.

Ugonjwa wangu ni kukosa choo. Basi, nimeandika. Tangu nikiwa chuo cha ualimu naweza kumaliza wiki nzima na zaidi sijakwenda, tumbo linajaa, linasokota, linakuwa gumu kama ngoma iliyoanikwa. Nimekula mapapai mpaka nikayachukia. Nimekunywa majani ya kila mti. Shangazi yangu Deodata aliwahi kunipiga bomba la maji ya sabuni, nikazimia mikononi mwake. Mwaka jana tumbo likavimba likagoma kushuka. Hapa Kaniha watu wakaanza kunipisha kwenye foleni na kunibebea ndoo. Sikuwaambia nina mimba, ila sikuwaambia sina.

Halafu ikaja Krismasi. Nani aliniwekea mkono tumboni, nje ya kanisa lenu, akapiga vigelegele mpaka padre akageuka? Ulikuwa wewe. Wanawake wakanizunguka wakaimba. Miaka mitano nimenong'onezwa kwamba ni mgumba, siku moja nikaimbiwa. Ulitaka nisimame katikati yao niseme jamani nyamazeni, haya ni mavi?

Januari nilikwenda Mwanza kwa daktari wa tumbo. Nilizunguka maneno mpaka akaniambia, "Mwalimu, mficha uchi hazai, sema yote." Nikasema yote nikiwa natazama ukuta. Alipima, akasema utumbo wangu hauna kidonda wala uvimbe, ila una hasira na uvivu, chakula kinalala humo. Akaniandikia hivyo vidonge unavyovitukana. Kimoja kila siku, kabla ya mlo wa kwanza. Mabukwe, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nimejua raha ya kuamka na mwili mwepesi. Tumbo likashuka. Ndipo wakaanza kuuliza, mbona limeshuka? Nililia tu. Niyibizi kwenye simu akasema, "Imeharibika, eti?" Nikaendelea kulia. Alijijibu mwenyewe, na mimi nikamwacha.

Sasa unajua. Choma karatasi hii. Nikijulikana, darasa la saba watanipa jina ambalo nitazikwa nalo. Afadhali wanione nimepoteza mtoto kuliko wanione nimefunga choo.

Scolastica


Kasulo
14 Aprili 2025

Scolastica mwanangu,

Nimeichoma. Nimeitia chini ya chungu cha maharage nikaikoroga mpaka ikawa majivu.

Kwanza nilicheka, sikufichi. Utumbo wenye hasira! Kama hasira zinakaa tumboni, wangu ungekuwa umeshaua mtu. Kisha nikalia, na sikulia kwa huruma tu. Naomba unisamehe kwa yale ya vidonge, nilikutupia uchafu niliotupiwa mimi. Vigelegele vile pia ni vyangu, navikubali.

Lakini sikiliza. Unasema afadhali uonekane umepoteza mtoto. Mtoto akipotea, lazima apatikane aliyempoteza, na hapa Kasulo ameshapatikana. Wewe unaogopa kuchekwa na darasa la saba. Mimi juzi nimekuta mkojo umemwagwa mlangoni kwangu. Aibu yako ni ya choo, yangu ni ya kaburi. Ukizipima utaona wewe mwenyewe ipi inamlalia mtu usiku.

Hata hivyo sitakulazimisha useme. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi sitakuwa kilio chako. Nina njia nyepesi. Jumatatu ya Pasaka jumuiya inasali kwangu, Ansbert ameng'ang'ania iwe hivyo ingawa wengine walinuna. Njoo. Nitapika uji wa mtama kwa maziwa na samli, nitaonja, nitakupa, nawe utakunywa wote mbele yao. Usieleze kitu. Hapa kwetu mdomo uliokunywa unatosha kuwa ushahidi. Siri yako itabaki kwangu, nakuahidi kwa jina la Niyibizi.

Mama yako,
Nyirabahizi


Kaniha
17 Aprili 2025

Mabukwe, shikamoo.

Nitakuja. Nimeisoma barua yako nikasikia vibaya, hasa hayo ya mlangoni. Nilikuwa sijui yamefika huko.

Nitatoka hapa alfajiri ya Jumatatu. Naomba jambo moja tu: usinipe uji kabla sijakuashiria. Nitakapokuwa nimemeza dawa lazima ile nusu saa ipite. Daktari alinionya kwamba chakula, hasa cha mafuta, kikiifuata dawa hii upesi, tumbo linafunguka kuliko inavyotakiwa. Ikipita nusu saa hakuna neno, nitakunywa hata vikombe viwili.

Ahsante kwa kunitunzia siri. Mama yangu mzazi sijawahi kumwambia.

Mwanao,
Scolastica


Nyantakara, Biharamulo
27 Aprili 2025

Scolastica,

Niko kwa kaka yangu Ndikumana. Nimekuja na nguo nilizovaa na kitabu cha nyimbo kilichokuwa mkononi. Naambiwa walikulaza zahanati, wakakutundikia maji, na kesho yake ukarudi Kaniha kwa miguu yako. Nashukuru Mungu. Nimeshukuru kwanza ili nisije nikasahau, maana yanayofuata hayana shukrani.

Nataka nikuandikie nilichokiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho.

Gari lilichelewa. Ulifika watu wameshakaa kwenye mikeka, na ulininong'oneza kwamba hukumeza dawa nyumbani, uliogopa isije ikakushika njiani. Nilikuona ukizunguka kona ya nyumba ukameza. Nikajua saa yetu imeanza kuhesabika pale. Nikamwambia Ansbert aanze na nyimbo. Tukaimba, tukaimba tena. Ndipo Suzana akasema kwa sauti ile yake ya upole, "Mama Niyibizi, mbona mgeni hapewi kitu? Au na leo hataki?" Watu wakaacha kuimba. Nilikutazama, na wewe ukanitazama. Ulinyoosha mkono mwenyewe. Nikaonja, nikakupa, ukanywa wote ukageuza kikombe juu chini wakione. Kuna mwanamke alipiga makofi. Kwa muda mfupi ule, Scolastica, nilikuwa mtu kama watu wengine.

Ansbert hakumaliza somo. Ulishika tumbo, ukakimbia chooni, ukarudi, ukakimbia tena, mara ya tatu hukufika ukaanguka migombani. Suzana akapiga yowe. Vijana wakaja na fimbo. Walikuinamia wakakuuliza, "Mwalimu, mama kakupa nini?" Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kukugusa. Nilisubiri neno moja. Dawa, ungesema dawa, ingetosha. Ulisema, "Niacheni." Wakasikia walichotaka kusikia.

Walianza na vyungu. Kisha milango. Mbuzi wangu wawili walikatwa miguu. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni muda wote huo. Ningeweza kupaza sauti nikawaambia huyu anaumwa kukosa choo, amemeza dawa ya choo, nyie wajinga. Sikusema. Nilikuwa nimekuahidi kwa jina la mwanangu, na nilidhani aliyefunga kinywa changu ndiye atakayekifungua. Nikakungoja mpaka Ansbert aliponivuta mkono akanipakia kwenye pikipiki yake. Kama si yeye, barua hii ungeandikiwa na mwingine.

Niyibizi amemtumia kaka yangu ujumbe. Anauliza, "Ni kweli mama amefanya hivyo mara ya pili?" Mara ya pili. Nilimnyonyesha mtoto yule tukiwa tunatembea usiku porini, nikimziba mdomo asilie tusije tukasikika.

Ahadi yangu imekwisha nguvu. Ilivunjika pamoja na vyungu. Lakini nikisema mimi, nani ataniamini? Nimebaki na ulimi wako tu.

Nyirabahizi


Kaniha, Biharamulo
4 Mei 2025

Kwa Katekista Ansbert,
na wanajumuiya wote wa Kasulo.

YAH: UGONJWA WANGU WA TUMBO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba barua hii isomwe Jumapili baada ya misa, isomwe yote, na mtu akicheka asubiriwe amalize kisha usomaji uendelee.

Mimi Scolastica Theonest, mwalimu, mke wa Niyibizi, nina ugonjwa wa utumbo unaonifanya nikose choo kwa siku nyingi. Tumbo mliloliona Krismasi na kuliimbia lilikuwa limejaa choo. Sijawahi kubeba mimba, kwa hiyo hakuna mimba iliyoharibika, wala hakuna mtu aliyeiharibu. Niliwaacha mkiamini hivyo kwa sababu ilinipendeza kuimbiwa.

Natumia dawa niliyoandikiwa na daktari. Kazi ya dawa hiyo ni kuendesha choo. Inatakiwa kumezwa kabla ya mlo wa kwanza na kusubiri nusu saa. Jumatatu ya Pasaka niliimeza nikiwa kwenu, na sikusubiri, kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Uji ulikuwa na samli. Kilichonipata kilikuwa ni kuharisha. Uji ule ulikuwa uji, na ulikuwa mtamu.

Mlipovunja nyumba ya mama mkwe wangu, yeye alikuwa anayajua yote haya. Hakusema kwa sababu nilimwomba asiseme. Mimi nilikuwa nimelala migombani nikiwa na akili zangu timamu, nikaulizwa, nikaona aibu kwa sababu nguo zangu zilikuwa zimechafuka. Nilichagua nguo zangu nikamwacha yeye.

Ni mimi,
Scolastica Theonest

Nakala: Mume wangu Niyibizi, Kahama.
Mama mkwe wangu Nyirabahizi, Nyantakara.


Kaniha
18 Mei 2025

Mabukwe, shikamoo.

Ansbert amenipigia, amesema imesomwa. Anasema alikwama kwenye neno choo, kisha akazoea. Watu walicheka, halafu hawakucheka.

Niyibizi alikuja juzi kutoka Kahama. Alikaa mlangoni hakuingia mpaka jua likazama. Aliniuliza kama kuna kitu kingine chochote nilichomwacha ajijibu mwenyewe. Nikasema hakuna. Amelala kwa rafiki yake, sijui kama atarudi ndani. Anataka kuja kwako na anaogopa.

Shuleni wameshanipa jina. Lilichukua siku moja tu. Juzi nimeliona limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa darasa, na mwandiko ni wa mwanafunzi wangu bora. Nikampa alama zake zote za insha kama kawaida, nikaenda kulia kwenye ghala la madaftari.

Sikuombi msamaha kwa barua. Sema ni lini nije nipige magoti, nitakuja.

Mwanao,
Scolastica


Nyantakara
25 Mei 2025

Scolastica,

Usije kwanza. Magoti yako nitayapokea siku moja, lakini si sasa, na sitaki uyapige mbele ya watu wakapata kitu kingine cha kutazama.

Barua yako Ansbert alitusomea sote hapa barazani kwa Ndikumana. Ni barua ya mtu jasiri, nakupa haki yako. Ilikuja imechelewa, nayo pia ni haki yangu kusema. Dawa usiache kuimeza kwa ajili ya jina la chaki. Watoto wale watamaliza shule na kuondoka, tumbo utabaki nalo.

Niyibizi alikuja. Alisimama uani kofia mkononi, mwanamume mzima. Nikamwekea chakula. Alikula chote haraka haraka, akanitazama kila tonge nione kwamba anakula. Hilo liliniuma kuliko mbuzi. Mtoto hapaswi kula chakula cha mama yake kwa ujasiri. Nimemwambia arudi kwako, kwa sababu mkikaa mbalimbali watu watapata la kusema na litanifikia mimi.

Jana walikuja wa Kasulo. Walikuwa wengi, Ansbert mbele, na wanawake na mtama mpya, vyungu vipya, na jogoo. Walisema mama rudi, nyumba tumeshaikandika, mlango umewekwa, jumuiya inasali kwako Jumatano. Wengine walilia kweli. Kijana aliyewakata mbuzi wangu alishika miguu yangu. Suzana alikaa nyuma kabisa. Watu walipokwenda kunawa akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, hiyo dawa ya mwalimu inaitwaje. Kumbe naye anayabeba hayo hayo tangu uzazi wake wa kwanza, na hajamwambia hata mumewe. Nilitamani kumtemea mate. Nikamwambia aende hospitali akaonwe, ile ni dawa ya cheti, haiazimwi kama chumvi. Nikamwambia na maneno ya daktari wako, mficha uchi hazai. Alishika mkono wangu akaubusu, na nikauona umebaki na machozi yake nikaufuta kwenye kanga.

Wote walitaka nijibu. Nikasimama. Nilisema vyungu nimevipokea, jogoo mpikeni mle hapa hapa, na mtoto huyu aliyewakata mbuzi nimemsamehe kwa sababu alitumwa na hofu ya wakubwa wake. Wakapiga makofi, wakadhani nimemaliza.

Ndipo nikawauliza. Niliwaambia, leo mnaniita msafi kwa sababu mwalimu hakuwa na mimba. Je, angekuwa nayo? Angekuwa amebeba kweli, na ikatoka yenyewe, kama zilivyotoka zenu wengi wenu mliokaa hapa, na mimi nilizifukia kwa mikono yangu, bila daktari wa kuandika chochote na bila barua ya kusoma kanisani, ni nani kati yenu angesimama akasema huyu mama hakufanya?

Nilingoja, Scolastica. Niliwapitia uso kwa uso. Hakuna aliyesimama; Ansbert aliinama akaanza kumfungua jogoo kamba.

Nyumba ile wampe atakayeitaka. Mimi ninakaa Nyantakara.

Nyirabahizi